Nguzo za Boma: Miti ya Bei Nafuu Ilitoka Wapi, na Ipi Inakufaa Leo

Ndugu mfugaji, kiangazi ndicho kipindi cha kujenga na kukarabati maboma, na swali ninaloulizwa zaidi ya yote wakati huu ni moja: "Afisa, ninunue miti gani ambayo ni rahisi na mchwa hawaili?" Jibu lipo, na utalipata huko mbele pamoja na hesabu yake. Lakini nimeona kwamba anayepewa jina la mti peke yake hurudi baada ya misimu miwili akiwa na nguzo zilizooza kitako na ng'ombe waliolala nje. Mti wa bei nafuu una historia yake. Ulikuwa nafuu mahali fulani, kwa watu fulani, kwa sababu fulani. Sababu ile ikiondoka, unafuu nao unaondoka, ila sifa ya mti inabaki midomoni mwa watu na wewe unauziwa hiyo sifa.

Kwa hiyo leo tutazunguka kidogo. Vumilia, fedha yako imo humu.

Boma lililokuwa linahama

Kwanza neno lenyewe. Wapo wanaodai kuwa "boma" ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza ya wakati wa ukoloni. Si kweli. Neno hili limo katika vitabu vya wasafiri vya miaka ya 1870, kabla Mwingereza hajatawala Tanganyika. Boma ni uzio wa kujilinda, na ofisi za serikali zikaitwa bomani kwa sababu Wajerumani walijifungia ndani ya kuta.

Boma la mifugo la zamani katika nyika zetu lilikuwa la matawi ya miiba, hasa migunga. Matawi hupangwa vitako vikiwa ndani na ncha za miiba zikitazama nje, kisha hushindiliwa mpaka mbwa asipite. Kwa Wamaasai nyumba ni kazi ya wanawake, na uzio wa miiba ni kazi ya wanaume. Uzio huo haukuwa na nguzo ya kudumu, na haukuihitaji. Samadi ikijaa, kupe wakizidi au malisho yakiisha, watu walihama na kukata miiba mipya mahali papya. Mchwa walikula boma ambalo mwenyewe amekwisha kuliacha.

Hapo ndipo penye siri ya unafuu wake. Miiba ilikuwa bei rahisi kwa kuwa ilitakiwa idumu muda mfupi tu, na kwa kuwa mgunga ulikuwa hatua chache kutoka hapo. Kati ya mwaka 1973 na 1976 serikali ilihamishia watu wengi katika vijiji vya kudumu. Watu wakatulia, mifugo ikatulia, na shoka likaendelea kuzunguka kijiji kilekile mwaka baada ya mwaka. Leo mfugaji anayetengeneza boma la miiba anakwenda mbali na mkokoteni wa punda, anapoteza siku kadhaa, na mwakani anarudia. Fedha hajatoa, kwa hiyo anaona ni bure. Hesabu siku zako za kazi, hesabu na punda, halafu useme kama ni bure.

Kuna udhaifu mwingine wa boma la miiba ambao wengi hawauangalii. Simba hahitaji kuruka uzio. Akizunguka upande wa upepo, ng'ombe wakinusa harufu yake, wanapaniki na kuvunja boma kutokea ndani. Wakishatoka gizani, kazi ya simba imekwisha kuwa rahisi. Ndiyo maana nguzo ya boma la ng'ombe hupimwa kwa msukumo wa ng'ombe wako mwenyewe kwanza. Fisi yeye hutafuta tundu la chini, na chui hupitia juu. Kwa mbuzi na kondoo hao wawili ndio wa kuwaogopa zaidi.

Wagogo walikuwa na njia tofauti. Tembe lao ni nyumba yenye paa bapa la udongo iliyozunguka ua, na mifugo hulala ndani ya ua huo. Ukuta wa nyumba ndio uzio. Ni salama sana, lakini tembe hula miti mingi mno, kwa sababu paa la udongo ni zito na linataka nguzo na boriti kila hatua. Sehemu za Dodoma zilizokwisha miti haziwezi tena kulijenga kwa unafuu.

Mkoa uliopewa jina la uzio

Wafugaji wengine hawakukata uzio wao, waliupanda. Jina la Ziwa Manyara, ambalo limepewa pia mkoa uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, linatokana na neno la Kimaasai emanyara, yaani mnyaa, ule mmea wa vijiti vya kijani unaotoa maziwa meupe. Ulipandwa kuzunguka maboma. Mkoa mzima una jina la ua wa ng'ombe, na bado kuna watu ndani ya mkoa huohuo wananunua nguzo mbichi kila baada ya miaka miwili!

Minyaa inastahimili ukame, inashika kwa kipande tu, na mbuzi huukwepa kwa sababu ya utomvu wake. Utomvu huo ndio hatari yenyewe: ukiingia machoni unaunguza na unaweza kuleta upofu. Ukikata, kaa upande upepo unakotoka, funika macho, na usiwape watoto kazi hiyo.

Mbono kaburi nao ni wa ukoo huo wa kazi. Jina lake linasema ulikopandwa: makaburini, kama alama ambayo wanyama hawaili. Hushika haraka na hukubali kufungiwa seng'enge, ila mbegu zake ni sumu kwa watu na mifugo.

Wa tatu ni mponda, ambao Wamaasai huuita osilalei. Huu ni mti kamili, una miiba, na ukichomeka fito lake ardhini linaota na kuwa nguzo hai. Huko Simanjiro shirika la Tanzania People and Wildlife limeshirikiana na wafugaji kuunganisha maarifa haya ya kale na waya wa wavu: nguzo ni miponda hai, na waya unafungwa juu yake. Mti unavyonenepa ndivyo boma linavyoimarika. Nguzo iliyokufa siku zote inaelekea kuoza, nguzo hai inaelekea kukua. Kwa maoni yangu hakuna wazo bora kuliko hilo katika ujenzi wa boma kwenye ukanda mkavu, na asili yake ni hapahapa kwetu.

Sotoka, mbung'o na shoka la Shinyanga

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulipita Afrika Mashariki ukitokea kaskazini. Katika maeneo mengi karibu ng'ombe wote walikufa. (Sotoka imekwisha duniani, ilitangazwa kutokomezwa mwaka 2011. Mtu akikuambia ng'ombe wake ana sotoka leo, mpeleke kwa daktari wa mifugo haraka, ana kitu kingine.) Ng'ombe walipokufa hakuna aliyelisha wala aliyefyeka, vichaka vikafunga, na mbung'o wakafuata vichaka. Wafugaji waliobaki walisukumwa nje ya malisho yao.

Dawa iliyochaguliwa katika enzi ya Mwingereza ilikuwa shoka. Kuanzia miaka ya 1920, Shinyanga ilikuwa kitovu cha utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, na maelfu ya Wasukuma walikusanywa kufyeka pori ili mbung'o wakose kivuli. Baadaye mashamba ya pamba yakaendelea kula miti. Fikiria mfugaji wa wakati ule: magogo yamelala chini kila mahali, nguzo ya boma ni ya kuokota. Hakuna bei nafuu kuliko hiyo.

Wajukuu wake ndio waliolipa. Kufikia miaka ya 1980 sehemu za Shinyanga zilikuwa zimebaki uwanda, watu wakipikia mabua ya pamba na samadi kavu. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Jambo la maana walilolifanya ni kurudi kwenye ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga eneo la malisho lisiguswe hadi kiangazi. Ng'ombe wakizuiwa, visiki vilivyokuwa hai ardhini huchipua vyenyewe bila kitalu. Ngitili zilizorekodiwa mwanzoni zilikuwa takriban hekta 600, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilihesabiwa zaidi ya hekta 300,000. Fito, nguzo, kuni na asali vikarudi. Kama una hata ekari mbili za kichaka cha visiki, zitenge. Chagua chipukizi moja au mbili zilizonyooka kwenye kila kisiki, kata nyingine zote, na utakuwa umejiwekea nguzo bila kununua mche.

Boriti za pwani na mwangati wa milimani

Wasomaji wa Tanga, Pwani na Lindi huniuliza kuhusu mikoko. Ni kweli kwamba mkoko ni mgumu na mchwa hawaupendi. Kwa karne nyingi majahazi yalichukua miti hiyo kutoka Lamu na Rufiji kwenda Uarabuni na Ghuba, ikihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na kila unene una jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Hata vyumba vyembamba vya nyumba za mawe za pwani vilipata upana wao kutokana na urefu wa boriti. Lakini biashara ile ilikula misitu, na Kenya ilipiga marufuku kuuza nje miti ya mikoko mwaka 1982. Kwetu misitu ya mikoko ni hifadhi ya serikali. Mfanyabiashara, usinunue mkoko usio na kibali. Faida ya korija moja hailipi faini.

Kwa watu wa milimani, mti wa sifa ni mtarakwa, ambao Lushoto huitwa mwangati. Una mafuta yenye harufu ya penseli, na kweli ulitengenezwa penseli. Mashamba ya walowezi nyanda za juu za Kenya yalizungushiwa nguzo zake, kwa sababu kiini chake hukaa ardhini miaka mingi bila dawa. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kampuni ya Kijerumani ilijenga njia ya kamba za waya kutoka Shume hadi Mkumbara, kwenye reli ya Tanga, kuteremsha miti hiyo. Mti unaokua polepole ukivunwa kwa mashine, unajua mwisho wake. Leo mwangati wa bei rahisi mara nyingi ni mmoja kati ya viwili: umeibwa, au ni mchanga usio na kiini cha kutosha, na mti mchanga haudumu kama ule wa babu yako.

Zingatia hapo, kwa sababu ndiyo sehemu inayowapotezea wengi fedha. Kinachokataa mchwa ni kiini cha mti, ile sehemu ya katikati yenye rangi nzito. Sehemu nyeupe ya nje huliwa katika mti wowote, hata mpingo. Nguzo mbili za mti mmoja, moja ya mti mzima na moja ya mti wa miaka minne, ni bidhaa mbili tofauti ingawa jina ni moja. Usinunue jina. Tazama kitako cha nguzo uone kiini kina upana gani.

Miti ya wageni

Miti inayojaza maghala ya wauza nguzo leo ililetwa, na kila mmoja uliletwa kwa kazi isiyokuwa boma.

Mkaratusi ulitoka Australia. Kenya ulipandwa kwa wingi tangu mwanzoni mwa karne ya 20 ili kuendesha garimoshi: ulihitajika mti unaokua upesi na kuungua vizuri. Kudumu ardhini hakukuwa sharti. Nguzo changa ya mkaratusi isiyo na dawa, ukiichimbia kwenye udongo wa mchwa, hesabu miaka miwili au mitatu. Juu ya ardhi, kama fito la mlalo, hukaa zaidi.

Miwati pia ni wa Australia. Njombe ulipandwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 na shirika la maendeleo la Uingereza, lililofungua kampuni ya Tanganyika Wattle. Lengo lilikuwa magome, ambayo hutoa dawa ya kulainisha ngozi. Gome likishavuliwa, mti uliobaki ulikuwa kama taka ya kiwanda, na ndiyo maana ulikuwa rahisi. Ukiwa karibu na Njombe au Lushoto unaweza kupata fito nzuri za miwati kwa bei ndogo. Ukisafirisha hadi Dodoma, nauli inakula unafuu wote.

Msindano wa Sao Hill, Mufindi, ulianza kwa majaribio mwaka 1939 na kupanuliwa sana miaka ya 1970 kwa ajili ya mbao na karatasi. Mbao zake ni nyepesi na rahisi kupigilia msumari, zinafaa mlango wa boma na banda la kuku lililoinuliwa. Usizichimbie ardhini bila dawa. Mgrivea, mti wa kivuli cha kahawa na chai, naufikiria vivyo hivyo.

Halafu mlingoti wa mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, na iliyofika hai Tanga ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62 ukaja utajiri wa mashamba yote ya Tanga na Morogoro. Mkonge ukizeeka hutoa mlingoti mrefu kisha hufa, na mlingoti huo hakuna aliyeuhesabu kama mali. Ni mwepesi, umenyooka, ndani ni laini kama sponji. Kwa kuta na sakafu ya banda la mbuzi ni mzuri kwa bei yake. Kama nguzo ya kuchimbia, hapana.

Dawa

Uingereza ndiko kulikoanza kuingiza mafuta meusi ya kreosoti ndani ya mti kwa mgandamizo, mwaka 1838, kwa mataruma ya reli. Mwaka 1933 Mhindi Sonti Kamesam alivumbua mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, ule unaofanya nguzo kuwa za kijani. Ukiingizwa kiwandani kwa mgandamizo, nguzo hukaa miaka kumi na mitano au zaidi. Aseniki ni sumu, kwa hiyo vipande vya nguzo hizo usivichome jikoni, majivu yake usiwawekee mifugo, na usitengenezee hori la chakula. Tena jihadhari na nguzo iliyopakwa rangi ya kijani kwa brashi kando ya barabara. Omba ikatwe kipande: dawa ya kweli imeingia ndani, rangi imebaki ngozini.

Oili chafu ya magari inatumika sana. Inazuia kidogo, inaisha, na ndama hulamba. Siishauri. Kuchoma kitako cha nguzo kunasaidia kidogo tu, maana mkaa hupasuka na mchwa hupita kwenye nyufa.

Sasa hesabu

Tuseme boma la ng'ombe la mita 20 kwa 15. Mzunguko ni mita 70. Ukiweka nguzo kila mita 2, unahitaji nguzo 35. Tuseme nguzo mbichi ni shilingi 3,000 na ya dawa ni 15,000 (weka bei ya kwako). Mbichi zote ni 105,000, nazo ukizibadilisha kila miaka mitatu, kwa miaka kumi na mitano umetoa 525,000. Za dawa zote ni 525,000 kwa mara moja. Sawasawa, isipokuwa kwamba wa mbichi amechimba mashimo mara tano na amelala macho usiku mara nyingi zaidi.

Lakini nani ana 525,000 kiangazi hiki? Fanya hivi. Nguzo nne za kona na mbili za lango ndizo zinazobeba mvuto wa waya na msukumo wa ng'ombe. Hizo sita nunua za dawa, au za kiini kilichokomaa zenye kibali: 90,000. Zilizobaki 29 ziwe mbichi za bei ndogo: 87,000. Jumla 177,000. Kisha kando ya kila nguzo mbichi chomeka mponda, na nje ya mstari panda minyaa. Nguzo mbichi kazi yake ni kushika zamu tu mpaka hai zikomae. Udongo wako ukituama maji, mponda utaoza, hapo tegemea zaidi nguzo za dawa.

Ukitaka kukata miti porini, hata kama pori ni la kijiji chako, anza kwa serikali ya kijiji na afisa misitu wa wilaya. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inataka kibali, na mninga, mpingo na mvule usiviguse kwa ajili ya boma. Mfanyabiashara anayebeba nguzo kwa gari au trekta awe na hati ya kusafirishia mazao ya misitu mkononi, si "inakuja".

Fito za mponda zikatwe mwishoni mwa kiangazi kabla hazijachipua, unene wa mkono na urefu wa mita 2. Ziache kivulini siku chache kidonda kikauke, kisha zichomeke kina cha sentimita 40 hadi 50 kabla ya mvua za kwanza. Minyaa iache ikauke vivyo hivyo, panda kila sentimita 30. Mwaka wa kwanza usifunge waya kwenye mponda, na ng'ombe wasijikune hapo.